Je, Dickens ndiye aliyebuni Krismasi? Jibu kwa mwalimu wa Morogoro

"Shikamoo mzee. Nafundisha fasihi ya Kiingereza katika sekondari moja hapa Morogoro. Kabla shule haijafungwa Desemba niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu filamu ya Scrooge, yule mzee bahili anayetokewa na mizuka usiku wa mkesha wa Krismasi. Waliipenda, kisha wakanibana kwa maswali. Mmoja amesoma mtandaoni kwamba Charles Dickens ndiye aliyebuni Krismasi. Ni kweli? Mwingine anataka kujua kwa nini hadithi ya mwaka 1843 inarudiwa kila Desemba ilhali vitabu vingine vya zama zile vimelala makabatini. Na binti mmoja hakuridhika na jibu langu kuhusu Tim, yule mtoto anayetembea kwa gongo: tulimwona amekufa, halafu mwishoni yuko hai. Alikufa au hakufa?"

Marahaba, mwalimu. Swali la kwanza lina jibu fupi: hapana, hakuibuni. La binti nitaliweka mwisho, kwa sababu kulijibu vizuri lazima tujue kwanza kitabu kilivyotoka mikononi mwa mwandishi hadi kwa mchapaji.

Kwa faida ya wasomaji wengine ambao hawajaiona filamu: *A Christmas Carol*, hadithi ya mwandishi Mwingereza Charles Dickens iliyozaa filamu hiyo, ilitoka London tarehe 19 Desemba 1843. Ni kitabu chembamba ambacho mtu hukimaliza kwa jioni moja. Jina lake ni wimbo wa Krismasi, na Dickens aliufuata utani huo mpaka ndani, kwani sehemu zake tano hakuziita sura, aliziita beti. Ebenezer Scrooge ni mfanyabiashara tajiri mwenye mkono wa birika. Karani wake, Bob Cratchit, analipwa shilingi 15 kwa wiki na anaota moto wa kipande kimoja cha makaa. Usiku wa mkesha Scrooge anatokewa na mzuka wa Marley, mshirika wake aliyekufa miaka saba nyuma, akiburuta mnyororo wa masanduku ya fedha, funguo, kufuli na daftari za hesabu. Marley anamwambia kwamba mnyororo huo aliufua mwenyewe alipokuwa hai, pingu kwa pingu. Baada yake zinakuja roho tatu, ya Krismasi zilizopita, ya Krismasi ya sasa na ya zile zijazo. Kunapokucha mzee ni mtu mwingine.

Sasa historia. Waingereza walikuwa wakisherehekea Krismasi karne nyingi kabla ya Dickens, tena kwa vishindo: siku 12 za kula, kunywa na kuimba katika majumba ya mabwana wenye mashamba. Ikafika wakati ikapigwa marufuku. Mwaka 1647 Bunge lililokuwa mikononi mwa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, liliifuta pamoja na Pasaka, likisema ni mabaki ya Ukatoliki na kisingizio cha ulevi. Ilirudi ufalme uliporudishwa mwaka 1660. Wapuritani waliovuka bahari kwenda Amerika walikuwa wakali zaidi: huko Massachusetts, kuanzia 1659 hadi 1681, aliyekutwa ameacha kazi au anafanya karamu siku hiyo alitozwa faini ya shilingi tano. Shilingi tano ndiyo ilikuwa bei ya kitabu cha Dickens kilipotoka. Ni sadfa tu, lakini kila nikiikumbuka huwa nacheka. Uskochi nayo haikuifanya Krismasi siku ya mapumziko kisheria mpaka mwaka 1958, wakati wengi wa babu zetu walishakuwa wakiifungia kazi.

Kwa hiyo mwaka 1843 sikukuu ilikuwepo, ila imepwaya. Watu walikuwa wamehama vijijini kufuata viwanda vya Manchester, Birmingham na London, na desturi ya bwana shamba kuwaita wapangaji wake mezani haikuwa na pa kukaa mjini. Mashine haijui mkesha. Kuna waandishi waliokwisha kuilalamikia hali hiyo. Mmarekani Washington Irving alikuwa amesimulia Krismasi ya kale ya vijijini Uingereza mwaka 1820 hivi, na Dickens alikuwa mpenzi mkubwa wa maandishi yake. Hata Scrooge ana kaka yake mkubwa: miaka saba kabla, ndani ya *The Pickwick Papers*, Dickens alisimulia habari ya mchimba makaburi mwenye roho mbaya anayetekwa na majini usiku wa mkesha, akaonyeshwa maisha ya watu wengine mpaka akajutia yake.

Wanafunzi wako wakirudia kuisoma hadithi wakiwa na filamu kichwani, waambie watafute mti wa Krismasi kitabuni. Hawatauona. Desturi hiyo ya Kijerumani ilienea Uingereza baada ya gazeti la *Illustrated London News* kuchapa mwaka 1848 picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wameuzunguka mti. Kadi pia hazimo, ingawa kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa, aliyoiagiza Henry Cole, ilichapwa London mwaka uleule wa 1843. Vitu hivi vilikua pamoja, na baadaye watu wakampa mzazi mmoja.

Theluji ndiyo kweli ina alama ya kidole chake. Dickens alizaliwa mwaka 1812, na muongo ule ulikuwa wa baridi isiyo ya kawaida. Mwaka 1814 mto Thames uliganda ndani ya London na watu wakafanya gulio juu ya barafu, jambo ambalo halijatokea tena. Krismasi nyeupe ya vitabu vyake ni ya utoto wake. Kutoka hapo ikaingia kwenye picha, kwenye kadi, kwenye filamu, mpaka leo ukipita Kariakoo mwezi Desemba unakuta pamba imebandikwa kwenye kioo cha duka kujifanya theluji, na nje jua linachoma.

Lakini hayo ni mapambo. Alichokifanya Dickens hasa ni kuihamisha karamu kutoka kwa bwana shamba kwenda nyumbani kwa karani, halafu akaitundikia deni: kwamba siku hiyo mwenye nacho ataulizwa habari za asiye nacho. Ili uone deni hilo lilikotoka, lazima urudi miezi michache kabla ya Desemba 1843.

Mapema mwaka huo tume ya serikali iliyochunguza ajira ya watoto ilitoa ripoti yake ya pili. Ya kwanza, ya mwaka 1842, ilikuwa imehusu migodi, na picha za watoto waliofungwa mikanda wakivuta vibehewa vya makaa kama punda ziliwashtua wasomaji. Ya pili ilihusu viwanda na karakana. Mmoja wa makamishna, daktari Southwood Smith, alimpelekea Dickens nakala. Dickens alimjibu kwamba imemwangusha kabisa, na kwamba ataandika haraka kijitabu cha bei nafuu kuwaomba Waingereza wawatetee watoto wa maskini. Siku chache baadaye akamwandikia tena: ameghairi, kijitabu kingoje; mwisho wa mwaka atashusha nyundo yenye nguvu mara 20, la, mara 20,000 kuliko kijitabu. Nyundo hiyo ndiyo Scrooge.

Septemba alikwenda kuitembelea shule ya watoto wa mitaani huko Field Lane, kwenye vichochoro vichafu vya London, akaona watoto ambao wizi ndio ulikuwa darasa lao la kwanza. Mwanzoni mwa Oktoba akahutubia Manchester, katika hafla ya kuchangia taasisi ya elimu ya wafanyakazi, na ni katika siku hizo hadithi ikamshika. Aliiandika kwa wiki sita. Usiku alitembea mitaa ya London maili 15 au 20, watu wenye akili timamu wakiwa wamelala, akilia na kucheka peke yake. Hayo ni maneno yake mwenyewe kwa rafiki.

Na alikuwa na sababu ya kulia. Mwaka 1824 baba yake alifungwa katika gereza la wadaiwa la Marshalsea, na Charles, mtoto wa miaka 12, alikuwa ametolewa shule na kupelekwa kwenye kiwanda cha dawa ya viatu kubandika lebo kwenye vichupa, kwa shilingi sita kwa wiki. Alilificha jambo hilo karibu maisha yake yote. Wasomaji walilijua baada ya kifo chake. Kwa hiyo pale Scrooge anapoombwa mchango wa maskini na kuuliza, "Kwani magereza hayapo? Na nyumba za kazi?", anayeuliza ni mtu wa kubuni, lakini aliyeshika kalamu alilijua lango la gereza kwa macho.

Hizo nyumba za kazi zinahitaji maelezo darasani, vinginevyo utani mchungu wa Dickens unapotea. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilitaka anayeomba msaada aingie katika nyumba maalumu, mume atengwe na mke na watoto wao, wafanye kazi ngumu kwa chakula kidogo, kusudi pawe pabaya kuliko kazi mbaya kabisa ya nje. Mtu aone aibu kuomba. Scrooge anapoambiwa kwamba wengi wangependa kufa kuliko kwenda huko, anajibu kwamba basi na wafe, wapunguze idadi ya watu waliozidi. "Waliozidi" haikuwa lugha ya mlevi wa mtaani. Ilikuwa lugha ya wasomi waliomfuata Thomas Malthus, ambaye tangu mwaka 1798 alikuwa akifundisha kwamba watu huongezeka kuliko chakula. Dickens aliichukua kauli ya vitabuni akaitia kinywani mwa bahili. Kisha, Scrooge anapomwona Tim mdogo mezani na kuuliza kwa huruma kama ataishi, roho inamrudishia maneno yaleyale: kama ni kufa na afe, apunguze idadi ya waliozidi. Scrooge anainamisha kichwa. Kwangu mimi hapo ndipo kitovu cha hadithi, na ndipo kila filamu hupimwa.

Meza ya akina Cratchit nayo nisiipite mbio, maana imezaa chakula cha nusu ya dunia. Wanaishi Camden Town, mtaa ambao Dickens mwenyewe aliishi utotoni, nyumba ya vyumba vinne, baba, mama na watoto sita. Wana bata bukini mmoja. Hakuokwa nyumbani. Hawana oveni, kwa hiyo amepelekwa kwa mwoka mikate kama walivyofanya maskini wengi wa London, na watoto wawili wanarudi wakipiga kelele kwamba wamesikia harufu wakamtambua kuwa ni wao. Nyama haitoshi, inasaidiwa na viazi vya kuponda na mchuzi wa tofaa. Mama ana hofu na pudini: je, kama haikuiva? Je, kama mtu ameruka ukuta akaiiba? Imechemshiwa kwenye sufuria kubwa la kufulia, na kweli mvuke wake unanukia siku ya kufua nguo. Inapoletwa kila mtu ana la kuisifia, na hakuna hata mmoja anayesema au kuwaza kwamba ni pudini ndogo kwa familia kubwa. Mcratchit yeyote, anasema Dickens, angeona haya hata kuligusia jambo hilo. Aliyekulia nyumba ambapo mama alisema ameshiba ili sahani izunguke hahitaji kufasiriwa hapo.

Katika ubeti huohuo kuna ugomvi mdogo ambao filamu nyingi huutupa. Scrooge anaishutumu roho kwamba inataka kuwafungia maskini maduka ya waoka mikate kila Jumapili, siku pekee wanayoweza kupata chakula cha moto. Hiyo ilikuwa siasa ya moto kabisa: katika miaka ya 1830 mbunge Sir Andrew Agnew alipeleka bungeni tena na tena miswada ya kukataza kazi siku ya Bwana, na Dickens alikuwa amempinga kwa kijitabu. Roho inajibu kwamba wapo duniani wanaodai kutujua, wanaotenda matendo yao ya kiburi, chuki na ubinafsi kwa jina letu, nao ni wageni kwetu. Makosa yao muwabebeshe wao wenyewe. Sijui mwalimu, lakini sentensi hiyo ningeisoma darasani polepole.

Asubuhi yake Scrooge aliyebadilika anamtuma mtoto akanunue bata mzinga mkubwa kuliko wote dukani, apelekwe kwa Cratchit kwa siri. Hapo bukini wa maskini akaanza kuondoka mezani. Miaka 18 baadaye, mwaka 1861, Bi Beeton aliandika katika kitabu chake maarufu cha mapishi kwamba Krismasi ya watu wa tabaka la kati bila bata mzinga si Krismasi. Hakuletwa na Dickens peke yake, alikuwa akiliwa na matajiri tangu zamani, ila Dickens alimfanya kuwa alama ya mkono uliofunguka.

Kuhusu fedha, kuna kichekesho. Dickens alikuwa na shida: riwaya aliyokuwa akiitoa kwa vipande, *Martin Chuzzlewit*, haikuuza vizuri, na mkewe Catherine alikuwa na mimba ya mtoto wa tano. Akagharamia uchapaji mwenyewe, akataka jalada jekundu, maandishi ya dhahabu, na michoro ya John Leech iliyopakwa rangi kwa mkono. Nakala 6,000 za kwanza zilikwisha kabla ya Krismasi. Alitarajia faida ya pauni 1,000. Hesabu ya kwanza ilimletea pauni 230 hivi, kwa sababu urembo ulikula mapato. Januari 1844 kampuni moja ikachapa hadithi yake kwa wizi na kuiuza kwa peni mbili. Akashtaki, akashinda, wezi wakajitangaza wamefilisika, na yeye aliyeshinda akalipa gharama za kesi pauni 700. Na bado kuna hili la kulipigia hesabu darasani: kitabu cha shilingi tano kilikuwa theluthi moja ya mshahara wa wiki wa Bob Cratchit. Aliyeandikwa asingeweza kukinunua.

Kwa nini basi kimedumu? Sababu ya kwanza ni kwamba maskini walikipata kwa njia nyingine, kwa masikio na macho. Kufikia Februari 1844 majumba ya maonyesho ya London yalikuwa na michezo isiyopungua minane ya hadithi hii, mingi bila kumlipa mwandishi hata peni. Kisha Dickens mwenyewe akawa msimuliaji. Tarehe 27 Desemba 1853 aliisoma mbele ya umati katika ukumbi wa mji wa Birmingham. Siku tatu baadaye akairudia kwa sharti alilolitoa yeye, kwamba wafanyakazi waingie kwa kiingilio kidogo. Hakusoma kama mhubiri. Aligeuza sauti na sura kwa kila mhusika, kama bibi anayesimulia habari za sungura na fisi. Alipozuru Boston mwaka 1867 inasimuliwa kwamba mwenye kiwanda mmoja alitoka ukumbini, akafunga kiwanda siku ya Krismasi, akampa kila mfanyakazi bata mzinga. Usomaji wake wa mwisho London, Machi 1870, ulikuwa na hadithi hiihii, Juni akafariki. Inasimuliwa pia kwamba binti mmoja muuza matunda aliposikia habari za msiba aliuliza: je, na Baba Krismasi naye atakufa?

Sababu ya pili ni ufundi. Hadithi imeundwa kama kalibu: mtu mmoja, usiku mmoja, anaonyeshwa alichokuwa, alicho na atakachokuwa, halafu anarudishwa kitandani na nafasi bado ipo. Mimina ndani ya kalibu hiyo mtu yeyote mwenye roho ngumu na itashika: mkurugenzi wa televisheni ya New York, bwana wa kiwanda, mwanasiasa. Bata tajiri wa Disney, Scrooge McDuck, aliyechorwa na Carl Barks mwaka 1947, alipata hapo jina na tabia, na mwaka 1983 akazunguka duara lake kwa kuigiza Scrooge mwenyewe. Filamu ya kale kabisa iliyosalia ni ya Uingereza ya mwaka 1901, ya dakika chache tu. Baada yake zimekuja nyingi mno. Wengi humsifia Alastair Sim, aliyeigiza Scrooge katika ile ya mwaka 1951, nami siwapingi. Wenzangu hunicheka nikisema kwamba ile ya vikaragosi vya Muppet ya mwaka 1992 ni miongoni mwa zilizo aminifu zaidi, lakini iangalieni: Michael Caine anaigiza kwa uzito wote kana kwamba hajui amezungukwa na vyura wa kitambaa, na msimuliaji anatamka maneno ya Dickens yenyewe, jambo ambalo filamu nyingi za "heshima" hazifanyi. Mwaka 2007 kundi la waigizaji na waimbaji kutoka Cape Town lilipeleka London toleo lao, Scrooge akiwa mwanamke wa Kiafrika mwenye mali, nyimbo zikiwa za kwao. Kalibu ilishika.

Ya tatu ni ya kisheria na haina mahaba: hakimiliki iliisha zamani. Yeyote anaweza kuigiza, kutafsiri, kubadilisha au kuchapa bila kumwomba mtu. Wewe na wanafunzi wako mnaweza kuiweka Mji Mpya au Kihonda kesho asubuhi na hakuna atakayewadai.

Lugha nayo ilimezwa. Kwa Kiingereza "scrooge" ni nomino ya kawaida, maana yake bahili, na hapa kuna dhuluma kidogo, kwa kuwa mzee alitubu. Dunia imemganda kwenye ubeti wa kwanza. Neno lake jingine, "humbug", mara nyingi hufasiriwa kama "upuuzi", na tafsiri hiyo inampunguza. Lilikuwa na maana ya ulaghai, kiini macho. Scrooge anadai kwamba furaha ya Krismasi ni utapeli, watu wenye madeni wanajifanya wana raha, na ukimsikiliza vizuri utaona si mjinga hata kidogo. Kule Shrewsbury, ambako filamu ya mwaka 1984 ilipigwa, jiwe la kaburi lenye jina lake liliachwa uani mwa kanisa la St Chad na watalii wakawa wanalifuata, kaburi la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na ambalo hata kitabuni ni maono tu. Novemba 2024 wahuni walilivunja.

Kwetu, tuseme ukweli, athari yake ni ya mbali na imepita kwa filamu na mapambo. Misheni ya Bagamoyo ilifunguliwa mwaka 1868 na mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa. Kilimanjaro walikuja Walutheri wa Leipzig. Hao hawakuleta Dickens mkononi. Nguo mpya za watoto, pilau, mbuzi, mabasi ya Moshi yaliyojaa tangu tarehe 20, havitoki Camden Town. Kinachofanana ni lile deni. Kila mtaa una mtu anayejua kwamba sahani lazima ivuke ukuta siku ya sikukuu, Idi au Krismasi, na hilo hatukuhitaji Mwingereza atufundishe.

Kuna kitu kimoja ambacho dunia ilikiacha njiani, na ndicho ningekusihi ukirudishe darasani. Mwishoni mwa ubeti wa tatu roho ya Krismasi ya sasa inafunua joho lake, na chini yake wamejibanza watoto wawili, wa kiume na wa kike, wamekonda, manjano, macho ya mbwamwitu. Mvulana ni Ujinga. Msichana ni Uhitaji. Waogopeni wote wawili, inasema roho, lakini zaidi mwogopeni mvulana. Scrooge anauliza kama hawana pa kukimbilia, na roho inamjibu kwa maneno yake: kwani magereza hayapo? Hiyo ndiyo ripoti ya tume, hiyo ndiyo Field Lane, kile kijitabu kisichoandikwa. Wapishi wa filamu mara nyingi huwakata watoto hao kwa sababu wanaharibu hamu ya kula. Tumebaki na bata mzinga.

Mwandishi Mwingereza George Orwell aliandika mwaka 1940 kwamba ukosoaji wa Dickens kwa jamii ni wa kimaadili tu: hataki mfumo ubadilike, anataka wakubwa wawe na moyo mzuri. Kwa Scrooge shtaka hilo lina uzito. Bob anaongezewa mshahara kwa sababu bosi ameota ndoto. Asingeota, Tim angezikwa. Ila namtetea Dickens hapa tu: mtu aliyetaka mioyo myema peke yake asingewaweka wale watoto wawili chini ya joho.

Na sasa binti. Mwambie kifo alichokiona ni cha roho ya tatu, kivuli cha mambo yatakayokuwa kama Scrooge hatabadilika. Kitabuni Tim anaishi, na Scrooge anakuwa kwake kama baba wa pili. Alikuwa anaumwa nini Dickens hasemi. Madaktari wamekisia maradhi ya figo, wengine matege na kifua kikuu vilivyosababishwa na moshi ulioziba jua la London. Lakini swali lake lina kina kuliko anavyofikiri. Muswada wa mkono wa Dickens upo Morgan Library, New York, umejaa mikato na marekebisho, na ukiufikia ukurasa wa mwisho, pale panapotajwa wema wa Scrooge kwa Tim, maneno "ambaye HAKUFA" hayamo. Yaliongezwa baadaye, kazi ikiwa imeshakwenda kwa mchapaji, na neno la kukanusha likawekwa kwa herufi kubwa. Dickens alikuwa amefika mwisho wa hadithi bila kutuambia. Kwa hiyo binti hakukosea kuuliza, maana muswada wenyewe ulikuwa haujamjibu.